Kadi Haijui Umeme

Kumi na saba. Kumi na nane. Pumzi ya Mushagalusa imesimama
kama mtu aliyefika katikati ya ngazi za Kadutu
akasahau anakokwenda.
Nampiga kiwiko. Anakoroma,
nami nashukuru kelele ile ile
niliyoilaani miaka kumi na miwili.

Daktari alitaja jina refu la ugonjwa.
Mimi nilisikia: kukabwa, bila mkabaji.
Mashine ipo, alisema, ndogo kama redio, inapuliza.
Mshahara wa mwalimu hauinunui. Inakodishwa.

Ciruza, karani wa mituele ya walimu, akafungua karatasi.
Kodi ni dola arobaini kwa mwezi.
Sitini za mwanzo ni zenu, liwe liwalo.
Zikiisha, tunabeba sita katika kila kumi.
Barakoa, bomba, kichujio? Hapana, mama. Hivyo ni vitu vya kuisha.
Nikamuuliza: na pumzi?
Akatazama dirisha.

Mimi nauza sambaza.
Nalijua kopo lililobonyezwa kitako,
linavyofurika mbele ya macho yako
na kupungua ukifika jikoni.
Nikairudia karatasi, kidole chini ya kila neno.
Kifungu cha tisa: mkilipa miezi kumi, mashine ni yenu.
Kifungu cha kumi, kwa herufi za siafu:
kadi iliyomo ndani ionyeshe muda wa saa nne kila usiku,
la sivyo inarudi.

Ciruza, labda kwenu Nguba umeme unalala nyumbani.
Huku Cimpunda unakuja kama mgeni mwenye madeni,
unabisha saa tisa, unatoroka kabla ya chai.

“Kadi haijui umeme,” akasema. “Inajua saa.”

Basi nikachukua daftari la Nabintu, lililobaki kurasa.
Tarehe. Umeme umeondoka saa ngapi. Amesimama mara ngapi.
Shefu wa avenyu akapiga muhuri kila ukurasa,
akadai franga za wino.
Ciruza alilipima mkononi kama samaki,
akaliweka chini ya mafaili. Rudi Jumanne.

Leo Jumapili. Umeme upo.
Mashine inapuliza taratibu,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
Kumi na sita zangu za mwezi huu ziko kwenye kitambaa,
pungufu mbili.
Sina cha kuhesabu gizani,
na usingizi haunijui.