Ubao Unaolia

Sakafu hii baba aliimwaga mwenyewe,
mfuko mmoja wa saruji kila mwisho wa mwezi.
Kwa hiyo sebule yetu inasomeka:
hapa mshahara ulitoka, zege limenenepa;
pale dirishani mchanga ulizidi,
na ukipiga deki maji hukusanyika
kama wageni wasiojua kuaga.

Chaurembo alikuja kutoka Keko,
mbao za mninga juu ya guta,
zimefungwa kwa mpira wa tairi.
Akazilaza siku kumi bila kuzigusa.
"Zizoee kwanza joto la Magomeni," alisema.
"Mbao ni wageni. Hawapigwi msumari siku ya kwanza."

Kisha akavuta uzi ukuta kwa ukuta,
akaweka pima maji.
Tone la hewa likakimbilia mlangoni.
"Sentimita nne! Nyumba ina vilima kuliko Kimara."

Nailoni kwanza, unyevu usipande.
Juu yake papi, na chini ya kila papi kabari:
nyingine nyembamba kama ukucha,
nyingine nene kama mkate wa kumimina.
Siku mbili nilimwona magotini,
akigonga kidogo, akichungulia,
akigonga kidogo tena,
mpaka lile tone likarudi katikati, likatulia.

Kando ya kuta aliacha upenyo wa kidole.
"Wa nini?"
"Wa masika. Mbao hushiba maji.
Ukizibana zitainuka, zikudai."

Ikawa nyekundu, tambarare.
Gololi ya mwanangu ilikaa ilipowekwa.

Usiku ule mama,
ambaye macho yake sasa hujua mchana na usiku tu,
alianguka.
Hakujikwaa kwa kitu. Alijikwaa kwa kukosa.
Miaka thelathini mguu wake ulishuka pale,
hatua moja kabla ya jikoni,
kwenye bonde la mwezi ambao kiwanda hakikulipa.
Nilimkuta anapapasa mninga, anasugua goti.
"Mmempeleka wapi?"

Chaurembo alirudi asubuhi, hakudai nauli.
Akang'oa ubao mmoja mbele ya jikoni,
akatoa kabari mbili,
akaurudisha, msumari akaulegeza.
Akaukanyaga.
Nyeee.

Wageni wakiupita hunitazama: fundi gani huyu?
Mama huukanyaga, hunyoosha mkono.
Kitasa kipo.