Mshika Ufunguo

Mimi Ithungu ndiye mshika ufunguo
wa ghala la pembejeo la Mama Mbambu, hapa Bwera,
kando ya barabara iteremkayo mpakani Mpondwe.
Mlango wa bati, kufuli mbili,
na fuvu nililolichora mwenyewe kwa rangi nyekundu.
Mkono wangu si wa mchoraji: watoto husema linacheka.
Liacheni licheke, mradi msiingie.

Ndani, mifuko imelala juu ya mbao
mkono mzima kutoka ukutani,
maana ukuta wa msimu wa mvua hutoka jasho
na yurea ikilinywa jasho hilo hugeuka jiwe,
na jiwe hakuna mkulima anunuaye.
Yurea huku. Naitreti kule, peke yake.
Ni ndugu, lakini ndugu wasiolala chumba kimoja:
wakigusana hulowana, huwa uji,
na uji huo haulishi mgomba.

Naitreti ndiyo inayonikosesha usingizi.
Nyeupe, pole, haina neno,
kama mgeni aliyekuja na kisu kwenye bahasha.
Inangoja tu dizeli kidogo, kaa moja la moto, mtu mmoja mvivu.
Kule wa bodaboda aliniomba kona ya madumu yake ya petroli,
"usiku mmoja tu, dada."
Nikamwonyesha barabara, jinsi ilivyo pana.

Jioni ile akaja Masereka kutoka Katwe,
magunia kumi na moja ya chumvi,
gari limevunjika ekseli, mpaka umefungwa.
Juu ya Rwenzori wingu limekaa kama sufuria jeusi.
"Fungua, Ithungu. Chumvi ina kosa gani?"
Chumvi haina kosa.
Nikachota yurea kwa glavu, nikaiweka juu ya karatasi;
kando yake nikamimina chumvi yake.
"Haya, chagua ya mchuzi."

Akainama. Akakunja macho.
Miaka ishirini anakwangua ziwa lile,
miguu yake imepasuka kwa chumvi,
na bado
akachukua punje, akaipeleka ulimini.

Nilimpiga mkono mbele ya watu.
Mwanamume wa umri wa baba yangu.
Punje ikaruka, ikapotea vumbini,
na sokoni pakawa kimya kama msibani.
"Ilikuwa ipi?" akauliza, sauti ndogo.
Sikumjibu. Nilikuwa namkumbuka mama mmoja wa Karambi
aliyeanika unga wa muhogo juu ya mfuko mtupu wa mbolea,
mfuko niliomuuzia mimi, shilingi mia tano,
kabla sijajifunza kuichana kwa wembe.
Watoto walipona. Mimi sijapona.

Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa, ya moto.
Ghala sikufungua.
Nikabeba gunia la kwanza kichwani hadi chumbani kwangu,
chumba cha kupanga, kitanda na jiko,
na Masereka akanifuata na la pili, akinilaani kwa Kikonzo safi.
Hadi la kumi na moja tulikuwa tumelowa sote
na laana zimemwishia.
Yeye akalala barazani kwa jirani.
Mimi nikalala juu ya chumvi,
mgongo ukiwasha, bati likipigwa,
nikisikiliza upande wa ghala kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto.
Mapipa ya maji nje yalikuwa yanajaa, niliyasikia.
Vizuri. Siku ile kitu ikiwaka, mchanga hautaisaidia naitreti,
ni maji, maji mengi, na miguu myepesi.

Asubuhi alipakia bila kusema asante.
Nilikuta kikombe dirishani, kimejaa hadi mdomoni,
cheupe, chembechembe, hakina jina.
Nikakitazama kwa muda mrefu.
Ndipo nikatoa kalamu ya ghala mfukoni,
nikaandika ubavuni herufi kubwa: CHUMVI,
na tarehe, kama tunavyoandika.

Siku hiyo mchana maharage yangu yalikuwa matamu.
Hata hivyo tonge la kwanza
nililishika mdomoni kidogo
kabla ya kumeza.