Mikato ya Kitako

Jumamosi ya pili ya Januari, leseni zikishagongwa mhuri,
wanakuja Rau na mizigo yao mirefu
imefungwa kwa shuka, kwa kitenge, mmoja kwa taulo la mjukuu.
Natandika blanketi la kijivu juu ya meza ya kulia.
Sheria ya nyumba hii ni moja: bunduki ivunjwe kiunoni kwanza,
tumbo tupu lionekane,
ndipo kahawa imiminwe.

Harbans, mstaafu wa kiwanda cha miwa,
analaza ya kwake kama anayelaza mgonjwa:
mitutu pacha, ya mwaka ishirini na sita,
nyundo mbili zimesimama masikio ya sungura,
na ubavuni mwa mtambo kware wawili wamechorwa
na mkono uliokwisha kuoza zamani.
"Sikilizeni," anasema, na anaifunga.
Tk.
Anaifungua. Anaifunga tena.
Mlango wa benki, anasema Yorgo.
Hapana, anasema Harbans. Kope.

Dakta Lyatuu, wa mifugo, hana subira na urembo.
Kaleta gobori la babu yake wa Kibosho,
mdeki umepinda, fataki zake hazipatikani popote,
na kila mwaka analibembeleza kwa mafuta ya cherehani.
"Liliua nini?"
"Halikuua kitu. Lilikuwa likikohoa tu,
nguruwe wanahama wenyewe."

Yorgo ananyanyua mitutu ya Harbans dirishani, jicho moja kafumba:
ndani, pete kwa pete za mwanga, kama maji kisimani,
na mwisho kabisa, ndogo kuliko shilingi,
Kibo.
Tunapokezana. Watu wazima, wengine mvi,
tunapanga foleni kuutazama mlima
tunaouona bure nje.

Kisha wanaomba ya baba.
Naitoa kabatini; ufunguo uko shingoni mwangu tangu msiba.
Mtutu mmoja, ya ndege, haina jina la fundi wala mwaka.
Kitako chake kilivunjika, baba akachonga kingine
kwa mringaringa uliokuwa nyuma ya zizi.
Na ugomvi huanza hapo, kila mwaka, palepale.
Yorgo: kitako cha kuazima kimeua thamani.
Harbans: thamani gani, we mtoto, kwani inauzwa?
Dakta anapitisha kidole gumba
juu ya mikato, mifupi, imesongamana kama meno ya kitana.
Anahesabu. Arobaini na mmoja.
"Chui," anasema Yorgo.
"Kwa marisau? Chui?"
"Basi kanga."
"Kanga nani huwahesabu? Kanga huliwa."

Miaka sita nimewaacha wabishane.
Ubishi wao ni kitafunwa, sikutaka kuwanyang'anya.
Lakini leo Harbans kapumua vibaya ngazini,
kasimama mara mbili, kajifanya anatazama maua.

"Si wanyama," nasema.

Baba alikuwa mbeba bunduki za wageni,
akishuka nyikani na za wenyewe, nzito, moja bei ya shamba.
Hii aliiacha nyuma ya mlango
mama afukuzie tumbili mahindini.
Mwaka ule aliaga wiki mbili.
Kila alfajiri mama, kisu cha kumenyea ndizi mkononi,
alikata siku moja kwenye mti uliokuwa bado unanuka utomvu.
Mimi nilikuwa mgongoni.
Alinisimulia mara moja tu, akipepeta ulezi,
na hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Kahawa imepoa. Hakuna anayeigusa.
Yorgo anaivuta bunduki karibu na taa,
anainama mpaka pua inagusa mti.
"Huu wa mwisho," anasema, "haujafika chini.
Kisu kiliteleza?"

Hakikuteleza.
Alisikia kikohozi kule chini kwenye mfereji,
na mbwa hakubweka.