Huenda

Siku ya saba ya dawa ya waridi,
chupa imebakiza vijiko vitatu,
sikio la Tekle halijauma tangu Jumanne
na mimi nimeshaanza kujisifu.
Namvua fulana nimwogeshe:
mgongo wote umeandikwa.

Si mbu. Kutaisi ni Februari,
theluji imelala hata juu ya kamba za kuanikia.
Ni madoa bapa, mekundu,
kama dengu zilizomwagika juu ya shuka bichi
zikachuja rangi.

Nampigia Malkhaz. Yuko kwenye foleni ya malori, mpakani Sarpi.
“Mtoto ana upele.”
“Upele wa—” na simu inakufa.
Upele wa nini. Ndilo hilo, mume wangu.

Mama mkwe anapanda ngazi na majibu yake tayari:
surua; damu kuchemka; zile karanga ulizompa juzi.
Mkononi ana kitambaa chekundu,
walichofunikwa wanawe wote wanne
mpaka wageni wa mwilini waridhike, waage.
Namwachia aning'inize dirishani. Hakina madhara.

Muuguzi wa zamu, Khatuna, hana haraka hata chembe.
Anapumua vizuri? Anapumua.
Midomo imevimba? Ulimi? Macho?
Hapana. Hapana. Ana usingizi tu.
Ametapika?
Anakula mkate wangu.
Basi chukua glasi, bonyeza juu ya vipele.

Nachukua ile ndogo ya mvinyo, ya harusi yetu,
naigandamiza tumboni kwake.
Chini ya kioo wekundu unatoroka;
nikiinua, unarudi mbio
kama watoto wanaocheza kujificha na kushindwa kunyamaza.
Tekle anacheka. Baridi! Tena, mama.
“Vinafifia,” nasema.
“Vizuri,” anasema Khatuna,
na magoti yangu yanakumbuka kwamba yapo.

Dawa usimpe tena. Mlete asubuhi.
Vizungushie kalamu, uone kama vinavuka.
Ila akikoroma kifuani, midomo ikijaa,
usingoje kuche, usinipigie mimi:
ita gari la wagonjwa.

Nachora kwa kalamu ya buluu
visiwa kumi na tisa.
Mume mpakani, mke mpakani;
kila nusu saa nawasha tochi ya simu
kukagua nani kapita bila kibali.
Saa nane kimoja kimevuka, karibu na kwapa.
Saa tisa, viwili.
Nahesabu pumzi zake, napotea kwenye sitini,
naanza moja.

Asubuhi Daktari Gelovani anamgeuza huku na huku.
“Nani mchoraji?”
Kisha anasema: huenda ni mzio.
Huenda ni kirusi kilichokuja na homa ile.
Wengi hutoka hivi siku ya saba, ya nane,
na dawa haina kosa.
Mrudishe kiangazi, tumwonjeshe kidogo kidogo,
hapa hapa, macho yetu yakimtazama.

Anaandika kwenye faili. Nanyoosha shingo nisome.
Liandike kubwa, daktari, hilo neno huenda.
Ni neno lenye miguu.
Usipolifunga kamba huenda, huenda,
hata siku moja ukalikuta limekaa kitini
linaitwa ndiyo.

Ninalijua. Kadi yangu tangu utotoni inasema:
penisilini, hapana.
Mama aliambiwa na shangazi, shangazi hayupo tena.
Nilipougua mapafu chuoni walinipa dawa nyingine,
ghali, iliyonitapisha siku kumi,
kwa ajili ya neno lisilo na shahidi.

“Na mimi?” nauliza. “Kwa umri huu, naweza kupimwa?”
Daktari anavua miwani.
“Wewe vilikutoka vya namna gani?
Bapa? Vya kuwasha? Siku ya ngapi?”

Namtazama Tekle, anavyojikuna kisiwa kimoja na kukihurumia.

Sijui, daktari.
Mimi hakuna aliyenichora.