Deni la Moja

Sindano haiumi, nilimwambia Leelo
kliniki ya Võru, Jumanne, theluji ingali dirishani.
Miaka mitatu na nusu. Hakulia.
Alinitazama tu, jinsi mwenye duka anavyotazama noti
akiiinua kwenye mwanga.

Tangu siku hiyo neno langu hupimwa.
Nikisema uji umepoa, anachovya kidole.
Nikisema paka amelala, anakwenda kumwona paka.
Baba yake akacheka: mtoto umleavyo...
Nikamwambia amalizie mwenyewe.

Septemba tukaingia msituni kuchuma uyoga
na Hillar, mjomba wake, sauti kama tarumbeta:
"Huu unalika! Na huu! Nimeula tangu utotoni!"
Leelo alimsikiliza, mikono nyuma.
Huyu Hillar ndiye aliyeapa mwaka jana
kwamba barafu ya bwawa ni nene,
akarudi nyumbani na buti moja.

Pembeni, Virve wa nyumba ya tatu,
maneno machache, kisu kidogo,
akaokota mmoja wa rangi ya chai ya maziwa,
akaupindua, akaunusa, akakata shina,
akangoja jeraha libadili rangi.
"Sijui," akasema.
Akaurudisha chini, juu ya kuvumwani,
kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake.

Nilimwona mwanangu akihama.
Hakuna aliyemwita. Alivuka tu, buti zake za manjano,
kutoka upande wa sauti hadi upande wa kisu,
na mpaka jioni swali lake lilikuwa moja,
mkono juu, kiganja wazi:
"Na huu?"

Mimi nilibeba kikapu.
Wivu nao una uzito wake.

Oktoba, kliniki ileile, nesi yuleyule.
"Itauma?"
Ulimi wangu ulishaandaa asali.
Nikaimeza.
"Itauma. Hesabu mpaka nne, itakwisha."

Akahesabu kwa sauti, macho kayafumba.
Nne.
Akafumbua jicho moja.
Tano.

Nje kulikuwa na manyunyu.
"Ilikuwa tano," akasema. "Si nne."
"Nimekosea."
Alilitafuna neno hilo mpaka kituo cha basi.
Kisha akanyoosha kidole kimoja,
akakitia mfukoni mwangu, akakiacha humo:
"Unadaiwa hiki."