Majivu ya Makala

Spoki ya baisikeli nimeichovya kwenye pemba,
nimeiacha ikauke juani hapa mlangoni, Katuba,
palepale nilipozoea kuanika matembele.
Kayakez ana miaka ishirini na miwili. Mimi, hamsini na minne.
Ananiita mama, na ananigombeza.

"Zungusaka, Mama. Mukono usilale."

Chupa ya bia niliivunja mwenyewe, ndani ya gunia,
kwa nyundo ya marehemu.
Shalimo nayo ni ya marehemu.
Miaka kumi na tisa aliunga mabomba kiwandani,
akarudi nyumbani na nyusi nusu,
wala hakuniambia hata siku moja
kwamba moto una sehemu.
Kumbe una sehemu.
Pale penye buluu kali panauma, kioo kinachemka, kinatoa mapovu.
Mbele kidogo, pasipo na rangi,
ndipo kinapokubali.

Na hakikubali taratibu. Kwanza ni kikaidi,
bado ni chupa, kinakumbuka shingo na kizibo;
halafu ghafla kinalegea, kinavimba, kinaning'inia
kama kamasi ya mtoto.
Kayakez anasema kama asali.
Mimi nimefuta pua za watoto sita,
najua ninachokiona.

Ushanga wa kwanza ulitoka na mkia.
Wa pili uling'ang'ania spoki, haujatoka hadi leo;
nimeuchomeka kwenye kopo la pilipili, nao unamea humo.
Wa tatu ulikuwa mzuri.
Mviringo, kijani ya chupa,
tundu limezama ndani kama kitovu.
Nikauweka mezani niutazame.

Tik.

Ukawa wawili.

Kayakez hakucheka. Alivuta sufuria ya majivu ya makala.
"Bila kuufunika, nje kunatangulia kupoa,
ndani kungali moto. Hapo ndipo unapasuka."
Alisema hivyo huku anatafuta kiberiti,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Sikumjibu.
Siku ya matanga nilipanga viti, nikahesabu sahani,
nikamsindikiza padri hadi barabarani.
Wifi zangu walinong'ona: huyu ana kifua cha chuma.
Mwezi wa tatu, sokoni Njanja,
muuza mikebuka alinipunguzia bei bila mimi kuomba,
na watu wawili wakanishika mabega
nisianguke juu ya samaki wake.

Leo tunatia shaba.
Umeme umekatika tangu juzi, basi waya wa nini?
Nimeukwangua kwa kisu, nimepata unga wa kujaza kizibo.
Nimevaa miwani yake nyeusi, inanishuka puani.
Nazungusha. Moto umegeuka kijani pembeni,
kijani ambayo nafikiri aliiona kila siku
na kuiacha kazini pamoja na ovaroli.
"Itatoka rangi gani?"
"Shaba haiulizwi, Mama. Pengine mbingu, pengine ini."

Nimeufukia majivuni, na spoki yake.
Marufuku kufunua kabla ya asubuhi.

Usiku nimeamka mara mbili.
Mara ya kwanza nilijidai nafuata maji.
Mara ya pili sikujidai chochote:
nikachuchumaa gizani, nikaweka kiganja kwenye kifuniko,
kama vile unavyopima homa ya mtu
usiyetaka aamke.
Bado vuguvugu.
Nikarudi kulala.