Tatu juu ya Ishirini

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa
nashuka ngazi za udongo za Kadutu hadi kwa Mama Aganze.
Mvua ikinyesha, nashuka kwa makalio,
daftari nimelifunga ndani ya mfuko wa sukari.
Mtoto ananingoja na biki iliyotafunwa:
darasa la sita, mtihani wa serikali unakaribia,
na sehemu zinamshinda.

Umeme haupo. Simu yangu, asilimia kumi na nne,
tunaiegemeza kwenye kopo la maziwa
itumulike.
Nachora mkate. Naukata vipande vinane.
"Ukila vitatu?"
Ananitazama kama mtu aliyetukanwa.
"Mwalimu, huo mkate uko wapi?"

Tangu siku ile sichori chakula.
Nachora shamba, kamba, ngazi.

Mwisho wa mwezi mama yake ananilipa.
Feza zake zinanuka sambaza,
hata ukizianika, hata ukizilaza ndani ya Biblia
siku tatu, kati ya Ayubu na Zaburi,
ukifungua tu, ziwa linatoka.
Safari hii alinipa noti moja, dola ishirini:
"Hii ni ya minervali yako. Isipite dukani."
Haikupita dukani.

Kwenye gishe ya benki, dada mwenye kucha za zambarau
aliiinua noti kwenye taa,
akaipindua, akaikuna,
akairudisha kwa ncha ya kidole
kama unavyoondoa unywele ndani ya supu.
"Imechanika."
Wapi?
Akanionyesha. Ukingoni, upande wa sikio
la yule mzee aliyechorwa,
mpasuko mdogo kuliko punje ya ulezi.
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Nikaenda Nyawera, kwa kambisti
mwenye kiti cha plastiki na mwavuli wa kampuni ya simu.
"Kumi na saba," akasema, bila kuinua macho.
Nikapiga hesabu nimesimama:
tatu juu ya ishirini,
bei ya punje ya ulezi.

Dola tatu.
Kwa dola tatu jina langu halikubandikwa mlangoni.
Papa Bisimwa, mlinzi, ambaye mwaka jana
nilimfundisha binti yake kusoma saa,
akaangalia orodha, akaniangalia viatu,
akasema pole kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwa niaba ya ukuta.
Somo la takwimu nililisikilizia dirishani
penye kioo kilichovunjika.
Nusu ya kila sentensi iliingia daftarini.
Nusu ilichukuliwa na malori ya bia.

Jioni nikashuka tena zile ngazi.
Mama sikumwambia.
Nilimwambia mtoto, kama swali tu, bila majina:
"Mtu ana ishirini. Anaondolewa tatu.
Amebaki na sehemu gani?"

Akatafuna biki. Mwanga wa simu ukapungua.
"Kumi na saba juu ya ishirini,"
na mara hii hakuhesabu vidole.
Nikainua kalamu nyekundu nimpe alama yake.

"Lakini Mwalimu, yule aliyeziondoa tatu,
sehemu yake tunaiandika wapi?"

Nyuma ya pazia, mikono iliyokuwa ikichambua sambaza
ikatulia.

Nikageuza kurasa za kitabu, moja, nyingine,
kama mtu anayejua anachotafuta.
Majibu huwa nyuma kabisa,
na kurasa za nyuma, kabla kitabu hakijafika kwetu,
mtu alishafungia karanga.